TV ni ya 4K, picha ina ukungu: tatizo liko wapi?

Swali: *Nimenunua TV ya inchi 43 iliyoandikwa 4K. Nimeifikisha nyumbani Morogoro, nikachomeka king'amuzi changu cha siku zote, na picha ina ukungu kuliko chogo langu la inchi 21 nililomgawia mdogo wangu. Natumia dishi, na kwa chaneli za hapa nchini nina antena juu ya bati. Fundi anasema nibadilishe dishi na ninunue antena ya HD. Mwanangu anasema king'amuzi ndicho kibovu. Tunakaa kama mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo. HD ni nini hasa, na nahitaji nini ili niione bila kununua duka zima?* (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Dada yangu, kwa dalili ulizozitaja TV yako haina ugonjwa, na dishi liache lilivyo. Kabla hujatoa hata shilingi, geuza king'amuzi uangalie kimeungana na TV kwa waya gani. Kama ni ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, tumeshampata mshukiwa wa kwanza. Kichwa cha njano ndicho kinachobeba picha, na hakijawahi kubeba HD hata siku moja. Ukichomeke kwenye TV ya laki nne au ya milioni nne, kitaleta picha ileile.

Mshukiwa wa pili ni setingi za king'amuzi. Wa tatu ni king'amuzi chenyewe, kwa hiyo mwanao huenda ana hoja. Wa nne, ambaye mafundi wengi hawamtaji kwa sababu hana kipuri cha kuuza, ni chaneli yenyewe unayoitazama. Nitawapitia wote, lakini nianze na lile la "HD ni nini hasa", maana ukilielewa hilo, mengine utayakagua mwenyewe bila kumwita mtu.

Hesabu ya nukta

Picha ya TV ni nukta ndogondogo zilizopangwa kwa safu, na habari yote ya HD ni hesabu ya nukta hizo. Mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingi za Afrika enzi za analojia, ulikuwa na mistari 625, lakini iliyoonekana kwenye kioo ni 576. Mambo yalipogeuzwa kuwa ya dijitali, kila mstari ukapewa nukta 720. Zidisha 720 kwa 576 unapata nukta 414,720. Hiyo ndiyo picha ya ubora wa kawaida, inayoitwa SD, na ndiyo inayoingia kwenye nyumba nyingi hadi leo.

HD inaanzia nukta 1280 kwa 720. HD kamili, ile inayoandikwa Full HD kwenye maboksi, ni 1920 kwa 1080, yaani nukta 2,073,600. Ukigawanya utakuta ni mara tano ya SD, bila baki. Kisha inakuja 4K ya televisheni, 3840 kwa 2160, jumla nukta 8,294,400. Hiyo ni mara nne ya Full HD na mara ishirini ya SD, nayo bila baki.

Hiyo mara ishirini ndiyo inayokutesa. King'amuzi kinailetea TV yako nukta laki nne na kidogo, wakati kioo chake kina nafasi zaidi ya milioni nane, na hakuna nafasi inayoruhusiwa kubaki tupu. Kwa kila nukta moja iliyoletwa, TV inalazimika kubuni kumi na tisa kwa kukisia kutoka kwa majirani zake. Ni sawa na kuchukua picha ya paspoti ukaikuza iwe bango la ukutani: sura ni yako, lakini kope huwezi kuzihesabu. TV za bei nzuri zina kichakataji kinachokisia vizuri. Za bei nafuu hukisia vibaya, na hapo ndipo nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Kwa hiyo kadiri kioo kinavyokuwa na nukta nyingi, ndivyo picha mbovu inavyoanikwa.

Na chogo je? Chogo halikuwa na kazi hiyo. Lilitengenezwa kwa mistari 576, likapewa mistari 576, likaichora kama ilivyo. Halafu lilikuwa dogo. Jicho zima la binadamu lina kikomo: vitu viwili vikikaribiana mno kwa kulinganisha na umbali wako, unaviona kimoja. Kwa kioo cha inchi 21 cha umbo la zamani, mistari 576 inaacha kutofautishika ukikaa mbali zaidi ya kama mita 1.9. Ninyi mnakaa mita mbili na nusu. Kasoro zote za SD zilikuwepo, ila zilikuwa nje ya uwezo wa macho yenu. Sasa picha hiyohiyo imetandazwa kwenye inchi 43, ambapo nukta za SD zinaonekana mpaka umbali wa mita tatu na zaidi. Hamjahama kwenye kochi. Picha ndiyo iliyowasogelea.

Hesabu hiyohiyo inatoa habari nyingine ambayo muuza duka hakukwambia. Kwenye kioo cha inchi 43, nukta za Full HD zinaacha kutofautishika kwenye mita 1.7 hivi. Ukiwa mita mbili na nusu, tofauti ya SD na HD utaiona hata bila miwani mipya, lakini tofauti ya Full HD na 4K hutaiona, labda uvute kiti mpaka karibu na meza ya TV. Sisemi umetupa hela. Siku hizi kwa inchi 43 kwenda juu, TV isiyo ya 4K inatafutwa kwa tochi. Nasema tu kwamba unachokitafuta wewe ni HD ya kawaida, na hiyo haidai gharama kubwa. 4K isikunyime usingizi.

Kamera nazo zilishamaliza sehemu yao zamani. Wajapani wa shirika la NHK walianza utafiti wa HD tunayoijua leo baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Kombe la Dunia la 2006 Ujerumani lilitengenezwa lote kwa HD, na la 2018 Urusi likatengenezwa lote kwa 4K. Picha ikitoka uwanjani ni nzuri. Hupungua njiani, ikija kwako.

Ukungu si kuganda

Kuna kasoro mbili ambazo watu huzichanganya, na fundi wako naye nadhani amezichanganya. Enzi za analojia, mawimbi yakidhoofika ulipata chenga: picha inafifia kidogo kidogo, vivuli vinaongezeka, unapanda juu kuzungusha antena huku mtoto akipiga kelele dirishani "hapo hapo, usiguse!" Dijitali haina tabia hiyo. Mawimbi yakitosha, picha inatoka yote kama ilivyotumwa. Yakipungua kidogo, bado inatoka yote. Yakishuka chini ya kiwango, picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, sauti inakwaruza, kisha kioo kinakuwa cheusi.

Kwa hiyo picha iliyo na ukungu muda wote lakini haigandi wala haikatiki ni ushahidi kwamba dishi na antena vinafanya kazi yake. Ukungu huo ama umetumwa hivyo kutoka kituoni, ama umeingia ndani ya nyumba yako, kati ya king'amuzi na kioo. Ungeniambia picha inaganda kila wingu likitanda, ningekwambia ukague dishi limelegea wapi au waya wake umeingia maji wapi. Hukusema hivyo.

Antena ya HD haipo, na hapa nasema bila kumung'unya maneno. Antena ni chuma kinachonasa mawimbi ya masafa fulani. Haijui kama mawimbi hayo yamebeba SD, HD au redio ya kijiji. Matangazo ya mnarani kwa dijitali huku kwetu yanatumia masafa ya UHF, na antena ya UHF iliyonasa analojia mwaka 2000 itanasa HD leo ikiwa bado haijaoza. Inachotaka ni kukaa juu, kuelekea mnarani, na waya mzuri wa koaksio wa omu 75 usiokuwa na viungio vya kusokota kwa mkono. Ile boksi yenye maandishi "HD Digital" na picha ya tai imeandikwa hivyo kwa sababu inauzika.

Dishi vilevile. Dishi linahusika na setilaiti linayoielekea, siyo ubora wa picha. Lililoelekezwa nyuzi 7 Mashariki, wanakorushia Azam, litapokea chaneli za HD na za SD za hukohuko kwa mkupuo mmoja. Ukihamia kampuni nyingine iliyoko kwenye setilaiti nyingine utaligeuza, na pengine utahitaji la kipenyo kingine, lakini hilo ni suala la kuhama, halina uhusiano na HD.

Dijitali haikuahidi HD

Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, mbele ya majirani wengi. Kenya ilizima Nairobi Februari 2015, baada ya mvutano mkali wa vituo na serikali uliofika hadi Mahakama ya Juu. Wote walikuwa wakikimbizana na tarehe ya 17 Juni 2015 iliyowekwa kwenye makubaliano ya Geneva ya 2006. Katika purukushani hizo watu waliambiwa kwamba dijitali ni picha safi, na wengi wakaelewa kwamba dijitali ndiyo HD. Si hivyo. Dijitali ni namna ya kusafirisha. Unaweza kusafirishia picha nzuri au mbaya.

Mwenye mnara hupewa kipande cha masafa, kwa kawaida chenye upana wa megahezi 8. Kwa DVB-T2, mfumo wa kurushia dijitali kutoka mnarani, kipande hicho kinaweza kubeba kama megabiti 40 kwa sekunde, kutegemea alivyokipanga. Picha ya HD isiyobanwa inakula takriban gigabiti moja na nusu kwa sekunde, kwa hiyo ni lazima ibanwe, tena sana. Kwa mbano wa H.264, HD ya mpira iliyo safi inataka megabiti 6 hadi 10. SD inaweza kuminywa hadi megabiti 2 hivi ikavumilika. Piga hesabu mwenyewe: kwenye kipande kilekile, mwenye mnara anaweza kuweka chaneli nne au tano za HD, au chaneli ishirini za SD. Na kila chaneli ina mtu anayelipia nafasi yake. Sasa ungekuwa wewe ndiye mwenye mnara?

Ndiyo maana chaneli nyingi za bure zinakuja kwa SD, na nyingine zinaminywa mpaka nyasi za uwanja zinakuwa kijani kimoja kila mpira unapokimbia. Tena kuna vituo ambavyo studio zao bado zina vifaa vya zamani, au vinarusha vipindi vilivyorekodiwa miaka kumi na mitano iliyopita. Hata chaneli yenye herufi HD kwenye kona inaweza kuwa inakuonyesha kipindi cha SD kilichokuzwa kituoni. Utakitambua kwa urahisi: maandishi na nembo ya kituo vinakuwa vikali kama wembe, huku sura ya mgeni aliye studio ina ukungu. Hapo hakuna kifaa cha nyumbani kitakachokusaidia, na mtu akikwambia kipo, mwachie hicho kifaa chake.

Waya, king'amuzi, setingi

Turudi nyuma ya king'amuzi. Tafuta tundu bapa, pana kidogo kuliko la USB, lililoandikwa HDMI. Kama lipo, nunua waya wa HDMI wa mita moja na nusu au mbili, ondoa ule wa rangi tatu kabisa, chomeka, kisha kwa rimoti ya TV bonyeza Source au Input uchague HDMI uliyochomeka. Waya mmoja unabeba picha na sauti. Usikubali kuuziwa wa dhahabu kwa bei ya dhahabu. Kinachopita humo ni data, na kwa urefu wa mita mbili data inafika au haifiki; hakuna waya unaoifanya HD iwe HD zaidi. Hadhari ya waya huja ukipitisha 4K ya fremu 60 kwa sekunde, ambayo inahitaji kiwango cha HDMI 2.0 cha mwaka 2013 au kilichokifuata, na wewe huko hujafika.

Kama tundu la HDMI halipo, king'amuzi chako ni cha SD na hakuna ujanja. Fundi anaweza kukuletea kijiboksi cha kubadilisha waya wa rangi tatu kuwa HDMI. Kinafanya kazi, kwa maana picha itatokea, lakini ni SD ileile imevalishwa shati jipya. Hapo mwanao atakuwa ameshinda: nunua king'amuzi kilichoandikwa HD. Kwa antena kiwe cha DVB-T2 chenye kusoma MPEG-4, kwa dishi kiwe cha DVB-S2. Vile vya zamani sana vya dishi, vya MPEG-2, huwa havizioni kabisa chaneli za HD, au vinatoa sauti bila picha.

Kabla ya kununua cha antena, hata hivyo, jaribu kuchomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye TV. TV nyingi za sasa zina kipokezi cha DVB-T2 ndani. Nenda kwenye menyu, tafuta chaneli upya ukichagua dijitali na antena, uone inanasa nini. Chaneli zisizofungwa zitaingia zenyewe, na utakuwa umepunguza boksi moja na rimoti moja mezani.

Tuseme HDMI ipo na umeshachomeka. Bado kuna mtego, na huu ndio ninaoukuta majumbani kuliko mwingine wowote. Ving'amuzi vingi huja vikiwa vimesetiwa kutoa picha ya 576, au vilisetiwa hivyo na fundi aliyekuja kufunga zama za chogo. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, siyo ya TV, tafuta sehemu ya video au skrini, uone namba iliyochaguliwa. Weka 1080i au 1080p. Herufi hizo mbili zisikuchanganye: p huchora mistari yote kwa mkupuo, i huchora mistari ya namba witiri kisha ya shufwa kwa kupokezana, na TV inaziunganisha. King'amuzi kikikupa zote mbili, chagua p. Kikikataa, i inatosha sana.

Hapohapo kagua umbo la picha. Iwe 16:9. Ikibaki 4:3, utaona watangazaji wamenenepa na mpira umekuwa yai, kwa sababu picha ya mraba imevutwa kujaza kioo kipana. Chaneli za zamani zinazorusha 4:3 ziache na michirizi yao myeusi pembeni. Ni afadhali michirizi kuliko kumwona Samatta amekuwa mfupi.

Ukimaliza huko, njoo kwenye menyu ya TV. TV hutoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya kung'aa kupita kiasi, inayoitwa Vivid au Dynamic, kwa ajili ya kushindana na taa za dukani. Badilisha uweke Standard au Movie. Kisha tafuta Sharpness uishushe. Watu huipandisha wakidhani inaongeza ubora, kumbe inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu na kuikoleza michirizi iliyoletwa na mbano. Kwenye ukubwa wa picha chagua Just Scan, Screen Fit au jina lolote linalofanana na hayo, ili TV isikate kingo na kukuza kilichobaki. Nimeona nyumba ambazo mambo haya matatu peke yake yalimaliza ugomvi.

Jaribio lisilo na gharama

Ukitaka kujua haraka kama lawama ni ya TV au ya kinachoiletea picha, tumia intaneti. Washa hotspoti kwenye simu, iunganishe TV, fungua YouTube ndani ya TV, tafuta video yoyote ya wanyama au ya mji iliyopigwa kwa HD, na kwenye setingi za video hiyo chagua 1080. Ikitoka safi, TV yako imeshajitetea na tatizo liko upande wa king'amuzi. Dakika mbili zinatosha, usiache video ijiendeleze wakati umekwenda jikoni.

Nasema hivyo kwa sababu ya bando. Netflix wanapendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa Full HD na 15 kwa 4K. Megabiti 5 kwa sekunde ni kama GB 2.25 kwa saa. Mechi ya saa mbili ni GB nne na nusu. Kwa 4K unakaribia GB 7 kwa kila saa. Kwa mwenye faiba nyumbani isiyopimwa hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata HD, na pekee ya uhakika kwa 4K. Kwa anayenunua bando la siku, ni njia ya kujaribia kioo, au ya kutazamia filamu moja mwisho wa mwezi.

Ukiwa kwenye majaribio, kagua pia kama 4K yako ni ya kweli. Sokoni kuna TV zenye maandishi "4K support" ambazo kioo chake ni nukta 1366 kwa 768 tu. Maana yake ni kwamba zinaweza kuipokea video ya 4K na kuipunguza, siyo kuionyesha. Maandishi ya boksi na stika ya kwenye fremu usivitegemee. Soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma ya TV, uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, na uangalie idadi ya nukta za kioo. Kama una kompyuta mpakato, iunganishe kwa HDMI, iweke kwenye 3840 kwa 2160, kisha sogea karibu usome maandishi madogo kabisa. Kwenye kioo cha kweli herufi zinasimama kila moja peke yake. Kwenye kioo cha kuigiza zinashikana au zinakatika miguu. Fanya hivyo mapema, kabla siku za kurudisha bidhaa hazijapita.

Pesa zianzie wapi

Kwanza setingi, ni bure. Halafu waya wa HDMI, ambao ni elfu chache. King'amuzi cha HD kinakuja baada ya hapo, na ukanunue tu kama cha sasa hakina tundu la HDMI au menyu yake haina 720 wala 1080. Dishi na antena viko mwisho kabisa wa orodha, na ni kwa ajili ya picha inayoganda.

Kabla hujalipia king'amuzi kipya, piga simu huduma kwa wateja wa kampuni hiyo uwaulize maswali mawili. La kwanza, chaneli ninazozitazama mimi, uzitaje kwa majina, zipi zinarushwa kwa HD? La pili, ziko kwenye kifurushi gani? Kampuni nyingine huwa na chaneli ileile mara mbili, ya SD kwa namba moja na ya HD kwa namba nyingine, na mteja akaendelea kubonyeza namba aliyoizoea miaka yote huku anailipia ya HD bila kuitazama. Nyingine zimeiweka HD ya mpira kwenye kifurushi cha juu tu. Wakikujibu kwamba katika chaneli zako ni mbili tu zenye HD, utaamua mwenyewe kama hizo mbili zina thamani ya pesa yako. Kwa mpenzi wa Ligi Kuu zina thamani. Kwa anayetazama taarifa ya habari ya saa mbili na tamthilia za marudio, shusha Sharpness, sogeza kochi nyuma nusu mita, na hela hiyo ifanyie jambo lingine.